Pikipiki mpya au ya mkononi? Soma hapa kabla hujatoa hela

Swali la kwanza watu wanalouliza ni "mpya au ya mkononi", mimi huwa nawarudishia lingine, hiyo pikipiki utaiuza lini? Maana bei ya pikipiki sio ile unayolipa dukani, ni ile unayolipa ukitoa ile utakayorudishiwa siku unaiuza. Ngoja nikupe hesabu, namba za mfano tu hizi, bei ya leo nenda kaulize mwenyewe. Tuseme umechukua mpya kwa milioni 3, baada ya miaka miwili umeiuza milioni 1 na laki 7, hapo imekula milioni 1 na laki 3, yani kama elfu 54 kila mwezi. Mwenzako kachukua ya mkononi kwa milioni 1 na laki 8, miaka miwili mbele kauza milioni 1 na laki 2, kwake imekula laki 6 tu. Anaonekana mjanja si ndio? Sasa afungue injini mara mbili, kila mara laki 3 na nusu, tayari mko sawasawa, na bado hujahesabu siku pikipiki imelala kwa fundi na hela ya siku haijaingia.

Kwahiyo ya mkononi inalipa kama umepata nzima, basi. Ukipata mbovu bora ungeenda dukani.

Mi mwenyewe nililiwa. Nilichukua moja kwa kijana mmoja maeneo ya Igoma, hapa Mwanza, nyeusi inang'aa, siti mpya, nikapiga kiki mara moja ikawaka, moyo ukatulia nikatoa hela. Kumbe ilikuwa ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, ilikuwa inabeba samaki. Ukienda pale Kirumba alfajiri utaona matenga yanavyochuruzika, yale maji yanashuka chini ya siti, yanaingia kwenye chesesi na ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, mwaka mzima. Yule bwana kaiosha na sabuni, kapiga rangi ya silva kwa chini, kamaliza. Wiki ya tatu fundi kagonga kwa bisibisi, bisibisi ikazama. Sasa hivi nikienda kuangalia pikipiki kitu cha kwanza nafungua siti nainusa, watu wananicheka ila harufu ya samaki haitoki kirahisi hata upige marashi. Alafu nagonga kila sehemu yenye rangi mpya kuliko sehemu zingine.

Kingine, ukifika shika injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto ujue kaiwasha kabla hujafika, anaficha kwamba ikiwa ya baridi haiwaki au inatoa moshi. Mwambie kaa nayo mpaka ipoe, kama ana haraka aende zake. Ikipoa washa wewe, mtu mwingine asimame nyuma aangalie bomba. Moshi wa bluu unaoendelea kutoka maana yake inakula oili, hapo ringi au silinda zinakusubiri. Usiangalie sana kilomita za kwenye mita, waya wake unachomolewa kwa dakika moja, angalia mpira wa kukanyagia gia na ule wa breki, ukikuta umelika mpaka chuma alafu mita inasema kilomita elfu 6 we ondoka tu. Piga stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto kulia, likicheza kuna bushi au beringi. Meno ya sproketi yakichongoka kama meno ya papa hilo ni tatizo dogo, punguza bei.

Na hapa kwetu usijaribishie barabara ya tambarare. Mwanza ni milima na mawe, pikipiki iliyofanya kazi ya kupandisha Bugando au Isamilo mishikaki kila siku lazima klachi imechoka. Ipakie mtu mzito nyuma, panda nayo mlima kwa gia ya pili. Injini ikipiga kelele na mwendo hauongezeki, klachi inateleza.

Sasa namba. Namba nyeupe ni ya biashara, hiyo imepiga boda, namba ya njano ni ya mtu binafsi. Hapa mjini namba ya njano iliyotunzwa na mwalimu au nesi anayeenda nayo kazini ndo dhahabu, ikitokea inauzwa haikai. Na herufi za mwisho za namba, zinazoonyesha imesajiliwa zamani au juzi, kila mtu anazisoma, mnunuzi hakuulizi mwaka, anaangalia namba yako ya MC imefika herufi gani alafu anakutajia bei. Ndo maana ukinunua ya mkononi usichukue ya zamani sana hata kama iko vizuri, siku ya kuuza herufi itakuangusha.

Upande wa aina, kwa kweli Boxer na TVS zinashika bei kwasababu spea zipo mpaka vijijini na kila fundi anazijua. Zile zingine za bei chee ukitoka nazo dukani ni nzuri, shida unaiona ukitaka kuuza, watu wanaanza kukuuliza spea zake zinapatikana wapi.

Ukichukua mpya hakikisha kadi inatoka na jina lako, oili ya kwanza mwaga mapema kama kilomita 500 hivi, usiibebeshe mizigo ikiwa bado changa, na risiti za sevisi weka bahasha moja na funguo ya pili. Hiyo bahasha ni hela siku ya kuuza.

Muda nao una bei yake. Januari watu wana ada za shule, pikipiki zinatoka kwa bei ya kuokoa, hapo nunua. Kuuza subiri pamba ianze kununuliwa, kuanzia mwezi wa 6 hivi, watu wa Magu, Kwimba na Misungwi wanakuja mjini na keshi. Ukitaka ya mkononi usiishie mjini pia, Sengerema sikuhizi unapita darajani tu pale Kigongo, husubiri tena kivuko.

Kabla ya hela kutoka: linganisha namba ya chesesi na ya injini na kadi orijino, herufi kwa herufi, ukiona pamesuguliwa acha. Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyesimama mbele yako, akikwambia kadi iko kwa bosi au kwenye mkopo, mwende huko huko wote. Ingiza namba kwenye mfumo wa faini za trafiki uone kama inadaiwa. Mkataba uandikwe kwa wakili, alafu mwende TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha jina. Na wewe unayeuza usiseme "atabadilisha mwenyewe", siku akigonga mtu pale Buzuruga akakimbia, polisi watalisoma jina la kwenye kadi na watakuja kugonga kwako.