Aspirini ndogo si dawa ya "damu nzito": namna ya kuitumia kwa usalama

Kwa miaka niliyokaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Chake Chake, ombi nililolisikia zaidi kutoka kwa wateja wa makamo ni hili: "Nipe junia, damu yangu nzito." Junia ndiyo aspirini ndogo. Ukimwuliza mtu huyo nani kamwambia kwamba damu yake ni nzito, atajibu kuwa alipimwa wingi wa damu akaambiwa ina kumi na sita, au kwamba miguu humfa ganzi usiku, au kwamba jirani yake aliyepata kiharusi anatumia kidonge hicho hicho. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayotosha kumwanzishia mtu aspirini ya kila siku, na ndiyo maana nimeona somo hili lianzie hapo.

Aspirini haipunguzi uzito wa damu. Inachofanya ni kuzuia chembe sahani, yaani zile chembe ndogo zinazokimbilia mahali mshipa ulipochubuka na kushikana ili kuziba, zisishikane kwa urahisi. Dawa hii huharibu moja kwa moja kimeng'enya ambacho chembe sahani hukitumia kutengeneza kemikali ya kuitana, na kwa kuwa chembe hiyo haina kiini, haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kingine mpaka ifikie mwisho wa umri wake, ambao ni kama siku 7 hadi 10. Ukilifahamu hili umefahamu mengi: kwa nini kidonge kidogo mara moja kwa siku kinatosha, kwa nini aliyesahau jana hana haja ya kumeza viwili leo, na kwa nini mtu aliyeacha juzi bado anaweza kuvuja damu kuliko kawaida.

Hatua ya kwanza: jua uko katika kundi gani

Kundi la kwanza ni la watu ambao tayari wamepata mshtuko wa moyo, au kiharusi cha kuziba kwa mshipa, au wamewekewa stenti (kijibomba cha waya kinachoachwa ndani ya mshipa wa moyo ili usizibe tena), au wamefanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo. Hawa faida yao ni kubwa na imethibitika kwa miaka mingi, na aghalabu huambiwa waitumie maisha yao yote.

Kundi la pili ni la watu ambao hawajawahi kupata lolote kati ya hayo, ila wana khofu. Mwaka 2018 zilichapishwa tafiti tatu kubwa juu ya watu wa namna hii, na mmoja wao, uliofanyika Australia na Marekani kwa wazee zaidi ya 19,000 waliokuwa wazima, ulionesha kwamba aspirini ya miligramu 100 kwa siku haikupunguza kwa kiwango cha maana magonjwa ya moyo na mishipa, ilhali uvujaji mkubwa wa damu uliongezeka. Kwa hiyo mzee wa miaka sabini ambaye hajawahi kuugua moyo, na ambaye mwanawe wa Muscat humletea chupa ya aspirini kila anapokuja kama zawadi ya kumtakia umri mrefu, huenda anapewa madhara bila faida. Chupa hiyo ipelekwe kwanza kwa daktari.

Lipo pia kundi la tatu linalosahauliwa. Bonge la damu lililoganda kwenye vena ya mguu, na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, hutibiwa kwa dawa nyingine kama wafarini. Aliyeandikiwa wafarini asiibadilishe kwa aspirini kwa sababu tu ni rahisi kupatikana, wala asizichanganye mbili hizo ila kwa amri ya daktari wake.

Hatua ya pili: sema yote kabla ya kidonge cha kwanza

Mweleze daktari au mfamasia kama umewahi kuwa na vidonda vya tumbo, kutapika damu, pumu inayochochewa na dawa za maumivu, ugonjwa wa figo au ini, au mzio wa aspirini. Kama una presha, ishushwe kwanza na iendelee kuwa chini, kwa sababu presha isiyodhibitiwa pamoja na aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu ndani ya ubongo. Mwenye historia ya vidonda anaweza kupimwa bakteria wa tumboni na kupewa dawa ya kupunguza asidi pamoja na aspirini. Lakini anayetumia pia klopidogreli (dawa nyingine ya kuzuia chembe sahani, ambayo wenye stenti hupewa pamoja na aspirini) aulize ni dawa ipi ya asidi inayomfaa, kwani omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli.

Hatua ya tatu: hakikisha ni kidonge chenyewe

Dozi ndogo ni miligramu 75, 81 au 100, kutegemea kilichotengenezwa. Kile cha 300 ni cha maumivu, na kukimeza kila siku kwa kudhani kuwa kikubwa ndicho chenye nguvu ni kujitafutia kidonda. Wapo wanaokikata mara nne kwa kisu, nao hupata vipande visivyolingana. Chenye ganda la kulinda tumbo hakikatwi wala hakitafunwi kwa matumizi ya kila siku. Tena ganda hilo lisikudanganye: hupunguza kiungulia, lakini kidonda chaweza kutokea vilevile, kwa sababu dawa hufika kwenye ukuta wa tumbo kupitia damu.

Sisi watu wa visiwani tuna adui mwingine, nao ni unyevu. Aspirini ikipata maji ya hewani huvunjika na kutoa asidi ile ile iliyomo ndani ya siki. Ukifungua kopo lililokaa jikoni msimu mzima wa masika likakunukia siki, usizimeze tena dawa hizo. Ziweke kwenye paketi yake, mahali pakavu, mbali na watoto.

Hatua ya nne: unywaji

Meza kidonge kimoja, baada ya chakula, kwa glasi nzima ya maji, saa ile ile kila siku. Ukisahau, kimeze utakapokumbuka siku hiyo hiyo. Ikishafika kesho, endelea na cha kesho peke yake.

Hatua ya tano: vinavyogongana nayo

Hapa ndipo lilipo kosa langu mwenyewe. Niliwahi kumuuzia mzee mmoja, tuliyekuwa tukisali naye msikiti mmoja, diklofenaki ya magoti bila ya kumwuliza anatumia nini nyumbani. Alikuwa na aspirini. Baada ya wiki mbili alikuja akiwa amekwajuka uso, akaniambia choo chake kimekuwa cheusi. Alilazwa, akaongezewa damu, akapona, alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile simpi mtu dawa ya maumivu kabla sijamwuliza swali hilo. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni, na ibuprofeni ina tatizo la ziada: ikitangulia, hukaa mahali ambapo aspirini ingekaa kwenye chembe sahani na kuizuia isifanye kazi. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni salama zaidi.

Hijama nayo ina hukumu yake. Anayetumia aspirini, khasa akiwa na klopidogreli juu yake, akichanjwa hutoka damu kwa muda mrefu zaidi, hivyo amwambie mwumikaji kabla ya wembe kugusa ngozi, na amwulize daktari wake kabla ya hapo. Karafuu za kwenye pilau hazina neno. Mafuta ya karafuu ya kunywa ni jambo jingine, kwa sababu kiini chake kimeonekana maabara kikizuia chembe sahani kushikana, na mimi simshauri mtu wa aspirini kuyanywa kama dawa.

Hatua ya sita: dalili za kukimbilia hospitali

Choo cheusi kinachonata kama lami, matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa, damu ya pua isiyokatika, maumivu makali ya kichwa yaliyokuja ghafla, au kizunguzungu pamoja na weupe wa viganja. Wanaomeza vidonge vya madini ya chuma wajue kwamba navyo huweusha choo, lakini wasijihukumie wenyewe, wakapimwe.

Hatua ya saba: usiache ghafla

Hili linawahusu zaidi waliowekewa stenti. Mgonjwa huvuka kwenda Dar es Salaam, akawekewa stenti katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akarudi Pemba na dawa za mwezi mmoja. Zikaisha, na kwa kuwa anajisikia mzima akaona hakuna haraka. Stenti changa bila dawa zake yaweza kuziba kwa siku chache tu, na matokeo yake yaweza kuwa mauti. Nunua paketi inayofuata kabla hii haijafikia wiki yake ya mwisho, kwa sababu kusi likivuma na bahari kuchafuka, meli haikungoji wewe.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Wete: Mwalimu, mama yangu aliamka mdomo umekwenda upande na mkono hauna nguvu. Wakati tunangoja gari, dada akampa aspirini. Tulifanya sawa?*

Nia ilikuwa njema, ndugu yangu, lakini msirudie. Kiharusi ni cha aina mbili, cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka, na kwa macho hamuwezi kuvitofautisha. Inahitajika picha ya ubongo. Kikiwa cha kupasuka, aspirini huzidisha balaa. Mwenye kiharusi asipewe kitu mdomoni, kwani huenda hata kumeza hawezi. Maumivu ya kifua yanayobana kama kifua kimekaliwa ni habari nyingine: mtu mzima asiye na mzio wala uvujaji wa damu hutafuna kidonge cha 300 kisicho na ganda huku akipelekwa hospitali.

*Kutoka Jang'ombe: Nina miaka 52 na sukari, moyo wangu hauna tatizo. Niianze?*

Usiianze peke yako, dada. Mmoja wa tafiti zile za 2018 uliwahusu wenye sukari zaidi ya 15,000: matukio ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 12, na uvujaji mkubwa ukaongezeka kwa asilimia 29. Faida ilikuwepo, ila karibu yote ililiwa na madhara. Mazungumzo yako na daktari yaanze na presha, lehemu na sukari yenyewe.

*Kutoka Mkoani: Tunakwenda umra. Wenzangu wanasema tumeze aspirini ili damu isigande ndani ya ndege.*

Kwa msafiri mzima haishauriwi. Kunywa maji, kunja na kunjua vifundo vya miguu, inuka utembee kila baada ya muda. Aliyewahi kuganda damu mguuni amwone daktari kabla ya safari.

*Kutoka Makunduchi: Mke wangu alipata kifafa cha mimba mara ya kwanza. Sasa ana mimba ya miezi mitatu na amepewa aspirini. Si hatari?*

Amepewa kwa haki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa siku kwa mama aliye katika hatari kubwa kama yeye, ianzwe kabla ya wiki ya 20. Asikose kliniki, na wakati wa kuiacha atapangiwa huko huko.

*Kutoka Micheweni: Mjukuu ana homa. Naweza kumpa kipande cha junia yangu?*

Hapana, Bibi. Aspirini kwa mtoto mwenye homa ya virusi, kama mafua au tetekuwanga, yaweza kumletea maradhi adimu ya ubongo na ini yanayoua. Hata kwa mtu mzima, homa ikiwa ya dengi, aspirini huchochea kuvuja damu. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, na apimwe malaria.

*Kutoka Chake Chake: Nang'oa jino Jumatatu, nina stenti ya miezi mitano. Niache dawa wiki hii?*

Usiache. Mwambie daktari wa meno kwamba una stenti na taja dawa zote mbili, aspirini na ile ya pili uliyopewa kwa ajili ya stenti, kwa majina, au mchukulie paketi zake azione. Omba uwekewe miadi ya asubuhi, ili damu ikichelewa kukatika uwe bado karibu naye, na ukishang'olewa uma kipande cha shashi safi kwa nusu saa bila kukifunua kuangalia.