Tovuti ya karakana ya samani: anzia kwenye maswali ya wateja

Kabla hujafungua kompyuta, fungua WhatsApp ya karakana. Soma mazungumzo 50 ya mwisho na wateja, kisha uandike swali ambalo kila mmoja alianza nalo. Kwa fundi wa samani pale Kibuye, Kisumu, orodha haiwi ndefu: bei gani, ni mbao gani, itakuwa tayari lini, mnaleta mpaka Siaya, dipoziti ni ngapi, mko wapi hasa. Maswali hayo sita ndiyo tovuti yenyewe. Rangi na nembo zitakuja baadaye, na zikichelewa hakuna mteja atakayelalamika.

Tovuti nyingi za biashara ndogo huharibikia kwenye skrini ya kwanza: "Karibu kwenye tovuti yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza kwa huduma bora." Mteja amekaa kwenye matatu ya kuelekea Kondele, bando linayoyoma, na bado hajajua kama unauza sofa au sare za shule. Andika hivi badala yake:

Sofa na vitanda vya mbao, Kibuye, Kisumu
Sofa ya viti saba kuanzia sh 45,000. Siku 14 tangu ulipe nusu. Tunaleta Kisumu, Siaya na Vihiga.

Chini yake kitufe kimoja cha WhatsApp, basi. Bei hiyo ni ya mfano, weka yako, lakini iweke. Wengi huificha wakiogopa washindani, ilhali jirani anayeuza sofa hatua kumi kutoka kwako anaijua bei yako tangu zamani. Asiyeijua ni mteja, na akiambiwa "bei njoo inbox" anaondoka kumtafuta atakayemwambia waziwazi.

Jina na funguo zake

Jina la tovuti, yaani domeini, linaloishia .co.ke hununuliwa kwa wakala aliyeidhinishwa na KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke, na hulipiwa upya kila mwaka. Hapa ndipo watu hulia baadaye. Fundi wa tovuti akilisajili kwa jina na barua pepe yake, siku mkikosana au akihamia Nairobi, jina la biashara yako liko mfukoni mwake. Kabla ya kumlipa malipo ya mwisho, dai vitu vitatu kwa maandishi: akaunti ya domeini iliyo kwa jina lako, akaunti ya seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), na nywila ya msimamizi wa tovuti. Barua pepe ya akaunti hiyo iwe ile unayoisoma kila siku, maana ilani ya kulipia upya hutumwa huko. Domeini ikikatika, tovuti inazimika, na barua pepe zinazotumia jina hilo nazo zinazimika.

Picha ndizo zinazouza, na ndizo zinazochelewesha

Picha moja ya simu ya siku hizi huwa na megabaiti 3 hadi 5. Ukipandisha 12 jinsi zilivyo, ukurasa mmoja unakula megabaiti 36 hadi 60 za bando la mtu ambaye bado hajaamua kununua. Punguza upana uwe pikseli 1,200, hifadhi kwa umbo la WebP (aina ya faili nyepesi ya picha), ubora kama 75. Nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 150 na jicho halitaona tofauti. Zile ndogo za kwenye orodha ya bidhaa zinatosha kwa pikseli 600. Squoosh hufanya kazi hii bure ndani ya kivinjari.

Kisha kuna mambo mawili ambayo hata mafundi wazoefu wa tovuti huyasahau. La kwanza ni loading="lazy", amri ya kwenye msimbo wa picha inayoiambia simu isubiri kupakua picha mpaka mtu aikaribie. Iweke kwenye picha za chini tu. Ukiiweka kwenye ile kubwa ya juu, unachelewesha kitu cha kwanza mteja anachosubiri kukiona. La pili, andika upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo. Usipofanya hivyo ukurasa unarukaruka picha zikiingia, na mtu aliyelenga kitufe cha WhatsApp anajikuta amebonyeza kitu kingine.

Kuhusu upigaji wenyewe: toa sofa nje asubuhi, kabla jua halijawa la utosi. Vua nailoni, kwani inang'aa na kuficha rangi ya kitambaa. Piga ya mbele, ya ubavuni, ya mgongo, kisha usogee karibu kabisa upige kiungo cha mguu na fremu, pale ambapo mnunuzi mjuzi huangalia kama ni skrubu au misumari mitupu. Usichukue picha za Pinterest. Picha hiyohiyo iko kwa karakana nyingine kumi, na mteja atakayeletewa sofa isiyofanana nayo atakuja kuidai ile aliyoiona.

Ukimaliza, pitisha ukurasa kwenye PageSpeed Insights, kipimo cha Google cha kasi ya ukurasa, upande wa simu. Google huona ni vizuri kitu kikubwa cha juu kikionekana ndani ya sekunde 2.5. Usihangaike kutafuta alama 100. Chukua simu ya bei ya chini, zima wifi, fungua ukurasa kwa data ukiwa sokoni. Kipimo hicho hakina upendeleo.

Kitufe kinachofanya kazi

Linki ya WhatsApp huandikwa hivi:

https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=Habari,%20naulizia%20sofa%20K7

Nambari haina alama ya kujumlisha, haina sifuri ya mwanzo, haina nafasi. Hiyo %20 ndiyo nafasi kati ya maneno ya ujumbe. Kosa la kawaida ni kuandika 07, na mteja anapata ujumbe kwamba nambari haipo. Linki ya kupiga simu ni kinyume, yenyewe inataka kujumlisha: tel:+2547XXXXXXXX. Hiyo K7 ni nambari ya bidhaa uliyoitunga mwenyewe. Ujumbe ukiingia, unajua anaulizia sofa gani bila kumrudisha na "ipi hiyo?". Kitufe kiwe na kimo cha pikseli 48 hivi, kidole gumba kikipate.

Malipo yaanze kwa unyenyekevu. Andika nambari ya Till ya M-Pesa kama maandishi, si ndani ya picha, ili mtu aweze kuinakili, na uandike kando yake jina litakalomtokea kwenye simu asije akaogopa. STK, ile inayomletea mteja kisanduku cha PIN, huunganishwa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, na inafaa oda zikishakuwa nyingi. Ukiifikia, hakikisha tovuti haiandiki "imelipwa" kwa sababu mteja alibonyeza tu. Isubiri jibu la M-Pesa lenyewe, kwa kuwa PIN hukosewa, salio huwa fupi, na mtandao huanguka katikati. Picha ya ujumbe aliokutumia mteja si risiti. Angalia ujumbe ulioingia kwako.

Kuonekana kwenye Google

Kama tovuti ni ya WordPress, nenda Settings, kisha Reading, uangalie kile kisanduku cha kuzuia mitambo ya utafutaji. Mafundi wa tovuti hukiweka alama wakati wa ujenzi, kisha wanasahau. Mwenye biashara anakaa miezi akilaumu Google, kumbe mlango umefungwa na fundi wake. Ukikitoa alama, sajili tovuti kwenye Search Console ya Google na uwasilishe ramani ya tovuti (sitemap), yaani orodha ya kurasa zake. Kila aina ya bidhaa iwe na ukurasa wake, na kichwa cha herufi zisizozidi 60 hivi kinachotaja bidhaa na mji.

Wasifu wa biashara kwenye Google, unaokuweka kwenye ramani, ni bure. Anayekupigia akidai ada yake ni tapeli. Andika jina lilivyo kwenye kibao cha mlangoni. Ukilipachika "sofa bora bei nafuu Kisumu" wasifu unaweza kusimamishwa. Mara nyingi uthibitisho hutakwa kwa video moja isiyokatwa: anza barabarani, onyesha kibao, ingia ndani, onyesha mashine na kazi inayoendelea. Kwa kuwa vibanda vya Kibuye havina nambari za nyumba, buruta pini mwenyewe mpaka mlangoni.

Tangazo la kulipia

Kwenye Facebook na Instagram, usikimbilie kubonyeza Boost, kitufe cha kulipia chapisho lionekane zaidi. Ndani ya Ads Manager chagua lengo la Engagement linalowaleta watu kwenye ujumbe, kisha chora duara la kilomita 40 kuzunguka Kisumu. Hapo kuna mtego: duara halijui ziwa. Kendu Bay imo ndani yake kwa sababu iko ng'ambo ya ghuba tu, lakini lori la sofa lazima lizunguke Ahero na Katito. Iondoe, au uweke bei yake ya usafiri.

Tenga sh 300 kwa siku, siku saba, ambazo ni 2,100. Tuseme wameandika watu 30 na watatu wakalipa dipoziti. Kila mazungumzo yamekugharimu sh 70, kila oda 700. Hesabu hiyo ndiyo ya kuitazama, si idadi ya walioipenda picha. Ukipata mazungumzo mengi na oda sifuri, mara nyingi tangazo halina kosa. Rudi kwenye bei, au kwa anayejibu simu.

Matangazo yaende saa ambazo kuna mtu wa kujibu. Kwenye WhatsApp Business weka lebo tatu, "ameuliza", "amelipa nusu", "amepokea", na kila Jumamosi jioni uhesabu waliokwama kwenye ya kwanza. Waandikie hao kabla hujaongeza hata shilingi moja ya tangazo.