Kuandika kanuni za hesabu na pembe katika programu ya kuchongea vyuma

Tulipoanza kuchonga vipuri vya mashine za kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma, nilikuwa napiga hesabu kwenye simu, nafupisha desimali, kisha nanakili jibu kwenye programu. Niliacha baada ya kuharibu flenji moja (sahani ya duara ya kuungia vipuri kwa bolti) ya matundu 7. Digrii 360 zikigawanywa kwa 7 hupatikana 51.428571 na kuendelea. Mimi niliandika 51.4, na kwa kuwa kosa hujirudia kila tundu, tundu la mwisho lilihama kwa takriban milimita 0.12 kwenye duara la kipenyo cha milimita 80, na bolti zikakataa kuingia.

Programu nyingi za kazi hii hupokea hesabu yenyewe ndani ya kisanduku cha kipimo. Kwa hiyo andika 360/7 kama ilivyo, na uiachie kompyuta ikokotoe. Kwa tundu la pili la flenji hiyo, kwenye kisanduku cha X andika 40*cos(360/7), ambapo 40 ni nusu ya kipenyo cha duara, na kwenye Y andika 40*sin(360/7), ukipata 24.940 na 31.273, umeandika sawasawa. Tumia nukta kwa desimali, si mkato.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kama programu inasoma pembe kwa digrii au kwa radiani (kipimo kingine cha pembe), kwa sababu hapa ndipo chuma kingi kinapoharibika. Andika sin(30) kwenye kisanduku chochote: jibu likiwa 0.5, inasoma digrii, likiwa -0.988, inasoma radiani, nawe utalazimika kubadili mpangilio au kuzidisha kila pembe kwa pi/180. Pembe yenye dakika, kama digrii 12 na dakika 30, iandike 12+30/60. Kwa kawaida sifuri huwa upande wa kulia, kwenye mhimili wa X, na pembe huongezeka kinyume na mwendo wa mishale ya saa.

Mabano nayo yanahitaji uangalifu mkubwa. Chukua shafti yenye mchongoko, kipenyo milimita 40 upande mmoja na 30 upande wa pili, urefu milimita 50. Pembe ya ubavu wake ni atan((40-30)/(2*50)), yaani digrii 5.71; atan ni kinyume cha tan, hutoa pembe. Ukisahau mabano yanayozunguka 2*50 ukaandika atan((40-30)/2*50), programu itagawanya kwa 2 kisha itazidisha kwa 50, na utaletewa digrii 89.77, bila onyo lolote.

Ukitaka kuandika kanuni hiyohiyo moja kwa moja kwenye msimbo wa mashine (maagizo ambayo mashine ya kuchonga huyasoma), kumbuka kwamba mashine nyingi hudai mabano ya mraba, kama SIN[30], kwa kuwa yaliyomo ndani ya mabano ya mviringo huyachukulia kuwa maelezo ya fundi tu na kuyaruka.