Kabla ya Kupogoa Ua, Mtafute Kinyonga

Mvua za vuli zikikatika, wakulima wengi wa Nyeri, Murang'a na Kiambu hunoa panga na kupogoa ua wa kaiyaba, mti wa miiba unaozungushwa shambani. Ombi langu ni moja: usiku wa kuamkia kazi, pita kando ya ua na tochi. Kinyonga hulala kwenye ncha za vitawi na rangi yake hupauka, kwa hiyo mwanga ukimpiga anaonekana mweupe-mweupe kati ya majani. Yule ambaye mchana ungempita mara kumi usimwone, usiku unamhesabu. Funga kitambaa kwenye tawi alilolalia.

Namzungumzia hasa kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, mkazi wa nyanda za juu za Kenya na wa Mlima Meru, Tanzania. Dume ndiye mwenye pembe ndefu, na huzitumia kumsukuma mwenzake hadi aanguke tawini. Jike hatagi mayai. Hubeba mimba miezi mitano, sita au zaidi, kisha huzaa watoto hai, mara nyingi kati ya 8 na 30. Kila mtoto hudondoka ndani ya utando mwembamba wenye kunata, akaupasua, akaanza kupanda mti papo hapo. Basi panga likimpata jike mwenye mimba, umepoteza kizazi kizima, na yeye ni mzito, hana mbio za kulikwepa.

Asubuhi ukimkuta, usimvute. Vidole na mkia wake vimeshika tawi barabara, utamvunja. Mwekee kijiti mbele ya kifua, atakipanda mwenyewe, kisha mpeleke upande wa ua ambao hutaupogoa msimu huu. Atatoa sauti ya kutisha na kuachama. Hana sumu. Najua hadithi ya kinyonga aliyechelewesha ujumbe wa uzima, na wazee wengi bado wanamwogopa, lakini mkononi hana madhara.

Hatamaliza viwavi wa shamba lako, wala sisemi uache kunyunyizia mibuni dawa. Ila anakula nzi, panzi na viwavi uani, na mdudu aliyenyunyiziwa dawa humdhuru yeye pia. Usielekeze bomba uani.

Matawi uliyokata usiyachome siku hiyohiyo. Yalaze kando ya ua hadi kesho yake mchana, jua likishapasha joto, wale wadogo usiowaona wapate kutoka.