Ukitafuta habari za babu zako Nyanza au Magharibi, sahau jina la kaunti

Faili za kikoloni kwenye Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, hazikupangwa kwa kaunti wala kwa koo. Ukiulizia Vihiga au Siaya utaambulia patupu, na wengi hukata tamaa papo hapo wakidhani watu wao hawakuandikwa popote. Wameandikwa! Wakati wa ukoloni, Kakamega, Vihiga na Bungoma zilikuwa wilaya ya North Kavirondo. Kisumu na Siaya, Central Kavirondo. Kisii na Homa Bay, South Kavirondo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 "Kavirondo" ikawa "Nyanza", ndiyo maana faili za DC (mkuu wa wilaya) zinaanza kwa DC/NN (North Nyanza) au DC/CN (Central Nyanza); zile za PC, mkuu wa Mkoa wa Nyanza, zinaanza kwa PC/NZA. Kabla ya 1902 eneo hili lilitawaliwa kutoka Uganda, kwa hiyo barua za wakati huo zitafute huko.

Kabla ya kusafiri, waulize wazee lokesheni na jina la chifu wa enzi hizo, kwa sababu ripoti nyingi zinamtaja chifu, si mwananchi. Orodhesha tahajia zote: Maragoli huandikwa pia Maragori. Anza na ripoti za mwaka na zile ambazo DC alimwachia mwenzake wakati wa kukabidhiana ofisi. Nakili kwa penseli, pamoja na namba kamili ya faili.