Kisigino kinachouma asubuhi

Ukishuka kitandani hatua ya kwanza inachoma kama umekanyaga msumari, halafu ukitembea kidogo maumivu yanapungua, usikimbilie kudhani ni gauti. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi vidoleni. Ukilala utando huo unakaza, ukisimama, uzito wote unauvuta kwa ghafla.

Kwa hiyo kabla hujakanyaga chini, kaa ukingoni mwa kitanda, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole uvivute kuelekea kwako mpaka unyayo ukaze kama kamba. Hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Hili ndilo zoezi ninaloliamini kuliko yote. Jioni, gandisha maji kwenye chupa ndogo ya plastiki, ifunge kwa kitambaa, iviringishe chini ya unyayo kama dakika 10.

Na tafadhali, usitembee peku kwenye vigae au simenti, hata jikoni. Ndala zilizolika zitupe. Nafuu huchukua wiki, mara nyingine miezi, usikate tamaa. Ila ukiona uvimbe, ganzi au homa, au kama maumivu yalianza baada ya kuanguka, nenda hospitali.