Jinsi ninavyojenga Peugeot 404 ya Safari ya 1966 bila kuichakachua, hatua kwa hatua

Wadau, karibu kila mwezi mtu ananiletea Pijo ya zamani gereji hapa Arusha anasema fundi nifanyie iwe kama zile za Safari, yaani rali ya Safari ya Afrika Mashariki, halafu anatoa simu ananionyesha picha tatu, moja ya 1963, nyingine ya 1968, ya tatu ni gari imejengwa Ulaya juzi tu ina taa za LED na siti za mashindano. Anataka zote tatu kwenye bodi moja. Yaani kazi inaharibika hata spana haijashikwa. Kwa hiyo leo naandika ninavyofanya mimi mwanzo mpaka mwisho, na pale ambapo mafundi tunabishana ntasema wazi nipo upande gani na kwa nini.

Kwa wasiojua, rali hii ilianza 1953 ikiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikawa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, barabara za vumbi na tope, nyingi zikiwa ni zilezile tunazopita na mizigo yetu. 404 ilishinda mara 4. Nick Nowicki alishinda nayo 1963 na 1968, na katikati hapo 1966 na 1967 ni Bert Shankland akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell, na Shankland alikuwa mkazi wa Tanzania, gari zake zimetoka huku kwetu, ndo maana hii kazi mi naichukulia kama kazi ya nyumbani. 1963 na 1968 masika yalikuwa mabaya mpaka zikamaliza gari 7 tu kila mwaka. Ukiijenga 404 ya Safari kumbuka hiyo, ilikuwa gari ya tope, ya kusukumwa na kuvutwa.

Hatua ya 1: chagua tarehe moja

Usiseme "miaka ya sitini". Sema Pasaka ya 1966. Ukishasema hivyo kila kitu utakachofunga kinatakiwa kijibu tarehe hiyo, taa, tairi, rangi, mpaka kamba ya kuvutia iliyopo kwenye buti. Andika kwenye karatasi ubandike ukutani gereji, maana katikati ya kazi utaletewa kitu kizuri cha 1971 na utashawishika.

Halafu chagua na saa. Hii wengi hawaifikirii. Gari ya kwenye jukwaa la kuanzia na gari hiyohiyo siku nne baadaye ni gari mbili tofauti, ya kwanza inang'aa, ya pili taa moja imepasuka, sait mira haipo, bampa imefungwa kwa waya na kuna fundi wa njiani kachomelea kitu ambacho kiwandani hawajawahi kukiona. Zote ni orijino, ila huwezi kujenga zote mbili kwa wakati mmoja. Nissan wana ile Datsun 240Z iliyoshinda rali hiyohiyo 1971, wameihifadhi kwao Zama Japani, na ukitazama picha zake bado ina mabonde ya rali kwenye bodi, hawakuyanyoosha. Mi nakubaliana nao kabisa, lile bonde ni sehemu ya gari. Ila bonde la kugonga na nyundo gereji ili lionekane la rali hapana, huo ni uongo na sifanyi hata ukinilipa mara mbili.

Hatua ya 2: tafuta gari yenyewe

Tafuta saluni, ile gari ya kawaida yenye buti, achana na steshen wagoni na pikapu kwa kazi hii. Angalia kutu chini ya milango, sakafu ya miguuni, na vile vikombe ambapo shokapu za mbele zinashika juu, vikombe vikiwa vimeoza tafuta gari nyingine. Angalia breki za mbele pia. Diski zilikuja mwishoni mwa miaka ya sitini, kwa hiyo ukikuta diski, ama gari ni ya baadaye ama mtu kabadilisha, na kwa tarehe yetu tunataka drami, yaani breki za ngoma.

Sasa sikiliza hili. Miaka iliyopita nilinunua 404 kwa mtu mmoja, akaniapia ni gari ya rali kweli, ilikuwa na matundu kwenye mlango wa buti ya kufungia vishikio, vile ambavyo msaidizi wa dereva alikuwa anavishika akisimama nyuma kuongeza uzito tairi zishike kwenye tope. Nikalipa hela ya gari ya rali. Nilipoanza kukwangua rangi nikakuta tundu limetobolewa juu ya puti (ile ya kujazia mabonde ya bodi) na juu ya rangi mpya, pembeni chuma ni cheupe, hamna hata tone la rangi ya zamani wala kutu ndani ya tundu. Tundu la miaka hamsini lina tabaka zake, rangi, kutu, tope lililokauka. Kwa hiyo kabla hujatoa hela omba kukwangua sehemu ndogo pembeni ya tundu moja, mwenye gari ya kweli hatakukatalia.

Hatua ya 3: bodi

Vua kila kitu. Piga picha kila waya na kila bolti kabla hujaitoa. Kwangua mpaka chuma, usipake rangi juu ya puti ya mtu mwingine, hujui ameficha nini.

Uimarishaji wa bodi ndo ubishi wa kwanza. Kuna wanaochomelea mishono yote ya bodi mwanzo mwisho kama gari za rali za siku hizi. Gari za 1966 zilikuwa karibu sana na gari za dukani, ndo sifa yake yenyewe, kwa hiyo mi naongeza tu vipande vya bamba kwenye vikombe vya shokapu na pale chini ambapo kinga ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, inashika. Nachomelea kwa gesi. Inachukua muda na chuma kinapinda ukikosa subira, piga kidogo kidogo, acha kipoe, hamia upande wa pili. Mashine ya kisasa ni rahisi ila mshono wake unajulikana, mtu aliyezoea akipitisha kidole tu anajua.

Hatua ya 4: injini, na ubishi mkubwa

Injini ya 404 ni ya cc 1618, imelala upande nyuzi 45, hedi (kifuniko cha juu cha injini) ni ya alumini. Za mwanzo krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inashikwa na beringi kuu 3, baadaye zikawa 5, hesabu kabla ya kuagiza seti maana nishaona mtu kalipia seti isiyo yake. Hedi ya alumini ikichemka inapinda, kwa hiyo ipeleke kwa wachonga hedi ipimwe hata kama gari ilikuja inawaka vizuri. Rejeta safisha yote. Feni ya hii gari ina sumaku ya umeme, inashika injini ikipata joto na kuachia ikipoa, wengi huku waliifunga moja kwa moja kwa bolti ilipoharibika, wewe irudishe ifanye kazi.

Sasa ubishi. Injini ya 504 inaingia kwenye 404 kirahisi sana, ni ndugu wa damu, ya cc 1796 au ile ya cc 1971, ina nguvu zaidi na spea zake unapata. Na huku kwetu nusu ya 404 zilizobaki barabarani zilishawekewa. Mteja anasema fundi si hiyohiyo tu, nani atafungua boneti apime pistoni?

504 ilitoka 1968. Pasaka ya 1966 ilikuwa haipo. Kwangu mjadala umeishia hapo, kuonekana au kutoonekana hakubadilishi kitu.

Lakini nataka nieleweke vizuri, maana kuna wenzangu wanaidharau 404 yenye injini ya 504 wanaiita feki, na hapo mi nawapinga kwa nguvu zote. Ile gari iliyobeba abiria na magunia miaka ya sabini na themanini, fundi akaitoa injini iliyokufa akaweka ya 504 kwa mikono yake bila kitabu, kachonga mabano mwenyewe, ile ni historia kamili na tarehe yake ni 1980 siyo 1966. Ukiipata ya namna hiyo ikiwa nzima usiivunje uifanye ya rali! Itunze ilivyo. Mafundi wale hawakuandikwa popote, kazi yao ndo hiyo iliyobaki kwenye chuma.

Hatua ya 5: difu na giaboksi, hapa usikosee

Giaboksi ya hii gari inakula oili ya injini, siyo oili nzito ya gia. Difu, ile gia ya nyuma inayopeleka nguvu kwenye tairi, nayo siyo kama za gari zingine ulizozoea. Ndani kuna skrubu nene ya chuma inayozungusha gia ya shaba. Oili za difu za kisasa zenye alama ya GL-5 zina kemikali za salfa ambazo zinaila shaba polepole, unaendesha mwaka mzima hujui, siku moja unasikia mlio halafu gari haiendi tena. Zamani Peugeot walitaka oili yenye asili ya mafuta ya nyonyo. Siku hizi tafuta iliyoandikwa wazi kwenye kopo kwamba inafaa gia za shaba, muuzaji akikwambia "zote ni sawa tu kaka" ondoka dukani kwake. Kupata gia nyingine ya shaba ni mtihani.

Hatua ya 6: umeme na taa

Hapa ndo gari nyingi zinajisema zenyewe. Balbu ya halojeni ya H1 imekuwepo Ulaya tangu 1962, kwa hiyo taa za nyongeza za Cibié au Marchal zenye H1 zinajibu tarehe. Balbu ya H4 ni ya 1971, ukiiweka kwenye taa kubwa umeshaondoka 1966. LED hata tusiijadili.

Fanya hesabu kabla ya kufunga. Taa 4 za wati 55 ni wati 220, gawa kwa volti 12, unapata kama ampea 18, na hapo hujawasha taa za kawaida wala waipa. 404 ya wakati huo ina dainamo ya kuzalisha umeme, na dainamo injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta) haitoi kitu cha maana. Kwa hiyo watu wanakimbilia altaneta, mashine ya umeme iliyokuja kuchukua nafasi ya dainamo, na utetezi wao ni kwamba altaneta zilishakuwepo duniani 1966, na ni kweli zilikuwepo. Ila kipimo changu hakiulizi kama kilikuwepo duniani, kinauliza kama fundi wa timu ile, kwenye gari ile, angekifunga na kwa sababu gani. Ndege za jeti pia zilikuwepo!! Mi nabaki na dainamo, nafunga relei (swichi ya umeme ya kubeba mzigo wa taa) nzuri, nyaya nene, na swichi mbili ili taa ziwake mbili mbili. Kama mteja anaenda kukimbia usiku kweli namwekea altaneta kwa sababu ya usalama, na naandika kwenye faili la gari kwamba ipo na nani kaiweka.

Nyaya zifunge kwa utepe wa kitambaa. Yale mabomba meusi ya plastiki yenye mikunjo yaache.

Hatua ya 7: chini na ndani

Shokapu ngumu kidogo, springi mpya, gari isipande juu sana kama trekta. Kinga ya sampu iwe bamba nene lenye matundu ya kutolea tope na oili. Rimu za chuma za inchi 15, tairi nyembamba, maana tope linataka tairi ikate iende chini ishike, tairi pana inaelea.

Ndani acha siti zake, gia ibaki kwenye usukani, usihamishie sakafuni. Kama mfuko unaruhusu tafuta mita ya umbali ya Halda kutoka Sweden, ikikosekana acha nafasi wazi kuliko kuweka kitu cha kichina chenye umbo kama lake. Mkanda wa siti na kizima moto weka vya leo, hapo sibishani na mtu, na ukienda mashindano wakikudai keji, ile fremu ya mabomba ya kukinga watu gari ikipinduka, weka keji. Maisha ya msaidizi wako ni makubwa kuliko tarehe, ila keji ifunge kwa bolti ili siku moja itoke bila kukata bodi.

Hatua ya 8: rangi na namba

Rangi ya tabaka moja, bila ile klia ya juu (vanishi isiyo na rangi). Klia inafanya gari ing'ae kama glasi ya maji na picha zote za zamani hazina mng'ao huo. Namba za mlangoni ziandikwe kwa mkono na brashi, tafuta mchora mabango, bado wapo, na kazi yao haifanani na stika hata kidogo.

Pleti nyeusi za zamani weka kwenye maonyesho tu, barabarani rudisha za kwako. Na namba ya chesisi haiguswi. Kuna mtu alishaniletea herufi za kupigia akitaka gari yake iwe na namba ya gari nyingine iliyopotea, nikamwambia achukue gari yake aondoke siku hiyohiyo. Gari uliyojenga leo ni nakala, na nakala iliyojengwa vizuri inastahili heshima yake yote. Mi nachomelea kibamba kidogo ndani ya boneti, kinasema mwaka iliyojengwa, kwa mfano wa gari gani, na nini siyo cha 1966. Mteja asiyekitaka simjengei, maana siku akiuza, anayenunua ni mtu kama mimi nilivyokuwa nimeshika hela zangu mbele ya yale matundu.

Hatua ya 9: itoe

Kilomita 500 za kwanza usiikimbize. Kisha itafutie mlima na vumbi, mi huwa naenda njia ya Mbulu. Ukirudi kaza bolti zote za chini, angalia vikombe vya shokapu kama rangi imepasuka kwenye mishono, halafu mwaga oili ya difu kwenye beseni jeupe uitazame juani. Ikiwa na vumbi kidogo la shaba ni kawaida, gia zinazoeana, weka oili mpya. Ikiwa inametameta kama imemwagiwa dhahabu, usiiwashe tena, fungua difu siku hiyohiyo.